Chuo kikuu cha umma hakina budi kuzungumza na umma

Mnamo Agosti 2024, mama mmoja anayeuza mboga karibu na steji ya mtaani kwetu alinisimamisha jioni nikitoka kazini. Nilidhani anataka kunikumbusha deni la sukuma wiki. Kumbe sivyo. Alichomoa bahasha ya khaki chini ya gunia la vitunguu, akaipangusa vumbi kwa ncha ya leso, kisha akaniambia: "Mwalimu, kijana wangu ameitwa chuo kikuu, Mungu ni nani! Lakini hebu nisomee hapa. Anasema wamemweka kwa bendi. Bendi ya nne. Mimi huyu mtoto namjua, hajawahi kushika gitaa."

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Kwa hakika mama huyu hakuwa amekosea. Katika Kiswahili anachokijua yeye, na tunachokijua sote, bendi ni kundi la wanamuziki. Kabla sijamjibu, aliongeza: "Ama ni kama vile mtoto huwa nambari nne darasani? Hiyo si mbaya."

Hapo ndipo nilipoacha kutabasamu. Bendi ya 4 haikuwa habari njema. Katika mpango wa ufadhili wa wanafunzi wa vyuo vikuu vya umma jinsi ulivyotangazwa mwaka huo, familia iliyowekwa bendi ya 1 ndiyo iliyohesabiwa kuwa na uhitaji mkubwa zaidi, na ya bendi ya 5 ndiyo iliyohesabiwa kuwa na uwezo zaidi. Kwa maneno mengine, mtu fulani mahali fulani alikuwa ameamua kwamba mwenye kibanda cha mboga ni miongoni mwa Wakenya wanaojiweza. Na siku za kuomba kupangwa upya zilikuwa zinakwenda, huku mama akidhani mwanawe ametunukiwa nafasi ya nne.

Kijana mwenyewe hakuwepo. Alikuwa kwenye mjengo akitafuta nauli na pesa za godoro. Basi nikaketi kwenye kreti ya soda, tukaanza kuzisoma karatasi zile moja baada ya nyingine. Zilikuwa za Kiingereza kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tulikaa pale hadi taa za barabarani zikawaka. Nilipofika nyumbani nilijiuliza swali ambalo ndilo kiini cha makala haya: chuo kikuu kinachoendeshwa kwa kodi ya mama huyu kinawezaje kumwandikia yeye kwa lugha asiyoielewa, ilhali istilahi za Kiswahili za kumwelezea kila kitu zipo, na zimekuwepo kwa miaka mingi?

Leo nitafanya kile nilichofanya juu ya ile kreti. Nitamtembeza msomaji ndani ya chuo kikuu cha umma kwa Kiswahili. Nitatumia mfano wa Chuo Kikuu cha Nairobi kwa sababu ndicho kikongwe kuliko vingine vya umma nchini. Ila mengi nitakayoyasema yanahusu vyuo vyetu vyote.

Chuo ni nini, na kikuu ni kipi?

Tuanze na jina lenyewe. Katika Kiswahili cha kale cha pwani, 'chuo' kilimaanisha kitabu, na pia mahali pa kusomea, hususan Kurani. Mtoto 'alitiwa chuoni', na aliyebobea katika elimu ya dini aliitwa, na bado huitwa, 'mwanachuoni'. Kwa hiyo Waswahili walikuwa na vyuo na wanavyuoni karne nyingi kabla ya mkoloni kufikiria kujenga chochote Nairobi. Neno 'kikuu' liliongezwa ili kutofautisha taasisi hii mpya na madrasa, na vilevile na vyuo vya ualimu na vya ufundi.

Kilichojengwa Nairobi kilianza kama chuo cha ufundi. Hati yake ya kifalme ilitolewa mwaka wa 1951. Wakati uo huo, Wakenya wenye asili ya Kihindi walikuwa wakichanga fedha za kujenga taasisi ya kumkumbuka Mahatma Gandhi. Mipango hiyo miwili iliunganishwa, na wanafunzi wa kwanza wakapokelewa mwaka wa 1956. Ndiyo maana hadi leo kuna jengo linaloitwa kwa jina la Gandhi katika bewa kuu. Mwaka wa 1961 chuo kilianza kuandaa wanafunzi kwa shahada za Chuo Kikuu cha London. Mwaka wa 1963 kikaungana na Makerere na Dar es Salaam kuunda Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ambacho mkuu wake alikuwa Mwalimu Julius Nyerere. Muungano huo ulivunjika mwaka wa 1970, kila nchi ikabaki na chuo chake. Hapo ndipo Chuo Kikuu cha Nairobi kilipozaliwa rasmi, Mzee Jomo Kenyatta akiwa Chansela na Dkt Josephat Karanja akiwa Naibu Chansela.

Nimetumia neno 'bewa'. Hili ndilo neno ambalo waandishi wengi wa Kenya hulitumia kumaanisha eneo la chuo lenye majengo yake, ingawa mitaani tumezoea 'kampasi'. Chuo cha Nairobi kina mabewa kadhaa: bewa kuu katikati ya jiji, Chiromo kunakosomewa sayansi, Kabete kwa kilimo na utabibu wa mifugo, Kikuyu kwa ualimu, Parklands kwa sheria, na lile la udaktari lililo kando ya Hospitali Kuu ya Kenyatta. Nalieleza hili kwa sababu mzazi anapoambiwa mwanawe ameitwa 'Nairobi' hufikiria chumba katikati ya jiji. Kumbe huenda kijana anakwenda Kikuyu, na nauli yake ni nyingine.

Naibu asiye naibu wa mtu

"Kijana ananiambia mkubwa wa chuo ni naibu," mama alisema. "Naibu wa nani? Mkubwa mwenyewe yuko wapi?"

Swali zuri hilo. Kwa muda mrefu, Chansela wa kila chuo kikuu cha umma nchini alikuwa Rais wa Jamhuri. Desturi hiyo ilibadilika wakati wa Rais Mwai Kibaki, ambaye mwaka wa 2003 alimteua Dkt Joe Wanjui kuwa Chansela wa Nairobi. Chansela ni mkuu wa heshima. Yeye ndiye huongoza mahafali na kutunuku shahada. Shughuli za kila siku zimo mikononi mwa Naibu Chansela. Kwa hivyo 'naibu' huyu ndiye bosi. Chini yake wapo manaibu wake, nasi kwa kutafsiri Kiingereza neno kwa neno hujikuta tukisema 'naibu wa Naibu Chansela', maneno yanayomchanganya hata mhariri.

Wenzetu wa Tanzania waliliona tatizo hili wakalitatua kwa namna yao. Chansela wanamwita Mkuu wa Chuo, naye Naibu Chansela wanamwita Makamu Mkuu wa Chuo. Anayemfuata huyo ni Naibu Makamu Mkuu wa Chuo. Ni majina marefu, ila ngazi zinaonekana. Sisemi tuige kila kitu cha Dar es Salaam. Nasema tu kwamba istilahi ikimfanya mtu aulize "mkubwa mwenyewe yuko wapi?" haijamaliza kazi yake.

Kuna vyombo viwili vingine ambavyo mzazi hana budi kuvijua. Cha kwanza ni Baraza la chuo. Hili hushughulikia fedha, mali na ajira. Cha pili ni Seneti. Tangu 2013 Mkenya akisikia 'seneti' humfikiria mwanasiasa wa kaunti yake, lakini Seneti ya chuo haina uhusiano wowote na Bunge. Ni mkutano wa wakuu wa taaluma. Ndio huamua nini kifundishwe, mitihani ifanywe vipi, na nani amefuzu. Mwanafunzi akisikia matokeo yake 'hayajapita Seneti', maana yake ni kwamba bado si rasmi.

Chini ya Seneti kuna vitivo, na chini ya vitivo kuna idara. Tangu mageuzi ya 2021, Nairobi imejipanga kwa vitivo. Kule Chuo Kikuu cha Dar es Salaam utasikia pia 'ndaki' na 'shule kuu'. Neno 'kitivo' nalipenda mno. Katika matumizi yake ya awali ni ardhi yenye rutuba, kama ile ya bondeni ambayo mimea hustawi bila kubembelezwa. Nilipomwambia mama hivyo, alicheka: "Kumbe mtoto anaenda shambani!"

Naam, anakwenda shambani.

Kuanzia shahada hadi uzamifu

Sasa tuingie darasani. Hapa ndipo palipo na istilahi nyingi ambazo wengi wetu huzitaja bila kuzitafakari.

Mosi, mhadhara. Neno hili lina asili moja na 'hadhara' na 'hudhuria'. Mhadhara ni maelezo yanayotolewa mbele ya watu waliohudhuria. Anayeutoa ni mhadhiri. Wanafunzi wetu husema 'lekcha' na 'lekchara', nami siwalaumu. Lakini neno la Kiswahili lina siri ambayo lile la mkopo halina: pasipo kuhudhuria hakuna mhadhara. Anayebaki bwenini akisubiri kunakili madaftari ya wenzake hajapata mhadhara, amepata karatasi.

Pili, shahada. Hili ni ndugu wa 'shahidi' na 'ushahidi'. Shahada ni tamko la chuo kwamba kimeshuhudia fulani akisoma na kufikia kiwango fulani. Ndiyo maana kununua shahada mtaani ni kosa kubwa kuliko kughushi karatasi. Ni kuleta shahidi wa uongo. Shahada ya kwanza kwa kawaida huchukua miaka minne, ingawa kozi kama udaktari huzidi hapo. Zilizo chini yake ni stashahada, ambayo wengi huiita diploma, na astashahada, ambayo ni cheti.

Tatu, uzamili na uzamifu. Shahada ya uzamili ndiyo ya pili. Ya tatu, iliyo kilele, ni uzamifu, ambayo wengine huiita uzamivu. Neno hili limetokana na kitenzi 'zama', yaani kwenda chini kabisa majini. Mzamivu wa pwani hushuka kutafuta lulu asiyoiona kutoka juu. Msomi wa uzamifu naye huzama katika jambo moja dogo hadi alete juu kitu ambacho hakikujulikana. Mfano mzuri ni marehemu Profesa Wangari Maathai. Alihitimu uzamifu wake Nairobi mwaka wa 1971, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kufikia kiwango hicho, kisha akafundisha anatomia ya mifugo papo hapo. Wengi wanamkumbuka kwa miti na kwa Tuzo ya Nobeli ya Amani ya 2004. Wachache wanakumbuka kwamba alianza kwa kuzama katika maabara.

Aliyehitimu uzamifu huitwa Daktari. "Huyo anatibu nini?" aliuliza mama. Hatibu chochote. Ni kiwango cha elimu. Naye profesa si aliyehitimu shahada fulani, bali ni aliyepandishwa cheo kwa utafiti, machapisho na ufundishaji. Ngazi ni hizi: mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, kisha profesa. Anayekuwa profesa bila kuandika chochote anachosomewa na wenzake huwa na kofia tu.

Nne, tasnifu. Hii ni kazi ndefu ya utafiti anayoiandika mwanafunzi wa uzamili au uzamifu. Asili yake ni moja na ile ya 'sanifu', neno tunaloliona katika 'Kiswahili sanifu'. Kusanifu ni kutunga na kupanga kwa ustadi. Kwa hiyo tasnifu iliyonakiliwa kutoka intaneti si tasnifu, maana hakuna kilichosanifiwa.

Tano, mahafali. Kila msimu wa kufuzu husikia watangazaji wakisema "mahafali 3,000 walivaa joho". Asili ya neno hili ni mkusanyiko wa watu. Mahafali ni ile sherehe, naye anayevaa joho ni mhitimu. Tukisema 'wahitimu 3,000 katika mahafali ya leo', tutakuwa tumempa kila mmoja haki yake.

Wanafunzi nao wana kamusi yao. Huitana 'komredi', neno lililobaki kutoka enzi ambapo siasa za mrengo wa kushoto zilikuwa zimepamba moto mabewani. Karatasi ya siri ya kuibia mtihani huiita 'mwakenya', kwa jina la vuguvugu la chinichini la miaka ya 1980 ambalo watu wengi, wahadhiri na wanafunzi wakiwemo, walifungwa kwa kuhusishwa nalo. Ukitafakari utaona kuna huzuni ndani ya utani huo: jina lililowapeleka watu gerezani sasa ni karatasi ndani ya soksi. Lakini msamiati huu unatuonyesha jambo. Mwanafunzi akihitaji neno hasubiri kamati. Hulitengeneza jioni, na asubuhi linatumika.

Neno la pesa

Nilianza na bendi, na sharti nirudi hapo kwa sababu ndipo penye uchungu.

Zamani mwanafunzi aliyeteuliwa na serikali alijua kwamba sehemu kubwa ya gharama yake imelipwa. Idadi ilipoongezeka, hasa wanafunzi wa kwanza wa mfumo wa 8-4-4 walipoingia vyuoni mwaka wa 1990, mambo yalianza kubadilika. Bodi ya mikopo, Helb, iliundwa kwa sheria ya mwaka wa 1995. Mwaka wa 1998 Nairobi ilianzisha masomo sambamba kwa wale waliojilipia karo yote. Mwaka wa 2023 ulikuja mfumo mpya unaomtazama kila mwanafunzi kwa kutegemea uwezo wa familia yake. Mfumo huo umezua mijadala na kesi mahakamani, na sina nia ya kuamua kesi hapa. Ninachotaka ni maneno matatu yaeleweke.

La kwanza ni 'ufadhili'. Hizi ni pesa ambazo serikali hutoa na mwanafunzi hazirudishi. La pili ni 'mkopo'. Hizi hurudishwa, na riba juu. La tatu ni 'mchango wa familia', yaani kinachotoka mfukoni mwa mzazi. Katika mpango wa 2024, mwanafunzi wa bendi ya 1 alipangiwa ufadhili wa asilimia 70 ya gharama ya masomo, mkopo wa asilimia 25, na familia yake itoe asilimia 5. Wa bendi ya 4 alipangiwa ufadhili wa asilimia 40, mkopo wa asilimia 30, na familia itoe asilimia 30. Tofauti ya 5 na 30 kwa mwenye kibanda cha mboga ndiyo tofauti ya kusoma na kurudi mjengoni.

Mama alikuwa akiyaita yote matatu kwa jina moja: 'pesa ya serikali'. Alipomaliza kunisikiliza alinyamaza kidogo, akaniuliza: "Kwa hivyo kama nisingekuuliza, ningengoja shule ifunguliwe niambiwe leta?"

Nilimweleza kwamba anaweza kukata rufaa. Akashtuka. Kwake rufaa ni ya mahakamani, au hospitali ya rufaa anapopelekwa mgonjwa mahututi. Nikasema, "Mama, ni kuomba waangalie tena." Hilo alilielewa mara moja. Usiku huohuo kijana alipotoka kazini tulikwenda saiba ya mtaa wa pili, tukajaza maombi.

Pingamizi

Najua kuna msomaji ambaye tayari ananikosoa. Atasema: "Hata ungempa mama huyo barua ya Kiswahili yenye 'kitivo', 'tasnifu' na 'uzamifu', angekuelewa? Si maneno hayo ni magumu kama ya Kiingereza?"

Pingamizi hili lina uzito, na sitalipuuza. Ni kweli istilahi nyingi zimekaa kwenye vitabu kama vyombo vya kabatini vinavyosubiri mgeni asiyefika. Hata hivyo, kuna tofauti mbili. Kwanza, mama hakujua 'shahada', lakini alijua 'shahidi'. Hakujua 'uzamifu', lakini alijua 'kuzama'. Istilahi ya Kiswahili ina mzizi ndani ya nyumba yake, na mzizi huo ukionyeshwa, hausahau. Pili, neno hulainika kwa kutumiwa. Kuna wakati 'katiba', 'kaunti' na 'gavana' yalikuwa maneno ya wachache. Leo hata mtoto wa gredi ya nne anayajua, kwa sababu redio, gazeti na baraza la chifu viliyarudia hadi yakazoeleka.

Na si kwamba hatuna mfano. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha idara ya Kiswahili mwaka wa 1970, na masomo yake yakafundishwa kwa Kiswahili chenyewe. Taasisi yake ya uchunguzi, TUKI, ambayo sasa imo ndani ya TATAKI, ndiyo iliyotupa Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka wa 1981. Hapa kwetu, Nairobi ilikuwa na mjadala mkali hata kabla ya kuwa chuo kikuu kamili. Mnamo Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipendekeza Idara ya Kiingereza ivunjwe na mahali pake pawe na idara ya fasihi na lugha za Kiafrika. Mjadala huo ulibadilisha ufundishaji wa fasihi katika sehemu nyingi za bara hili. Tangu wakati huo Nairobi imekuwa na wasomi wa Kiswahili wasiohitaji kutambulishwa: Mohamed Hassan Abdulaziz aliyemtafiti Muyaka, Kithaka wa Mberia, Rayya Timammy, John Habwe, na K.W. Wamitila aliyetutungia kamusi ya istilahi za fasihi.

Kwa hivyo tatizo si ukosefu wa maneno wala wa wataalamu. Katika vyuo vyetu vingi kuna idara ya Kiswahili, na hatua mia chache kutoka mlangoni pake kuna ofisi inayochapisha barua za kuwaita wanafunzi. Ofisi hizo mbili huenda zinashiriki hata chai. Lakini karatasi haijawahi kutoka moja kwenda nyingine.

Nini kifanywe?

Pendekezo langu ni dogo kwa makusudi, maana makubwa tumeyapendekeza sana na yamelala. Sidai kwamba kesho uhandisi ufundishwe kwa Kiswahili. Nadai kurasa mbili. Kila mwanafunzi anayeitwa chuo kikuu cha umma apewe, pamoja na barua yake, kurasa mbili za Kiswahili zinazomwelekea mzazi. Zieleze anakwenda bewa gani, atasoma miaka mingapi, karo ni ngapi na nani analipa sehemu ipi. Zieleze kipi kitarudishwa na kipi hakitarudishwa, mwisho wa kuomba kupangwa upya ni lini, na masomo yanaweza kuahirishwa vipi mambo yakiharibika nyumbani.

Gharama ni ipi? Wapo wanafunzi wa tafsiri katika idara hizohizo wanaohitaji kazi ya mazoezi. Wapo wahadhiri wa kuihariri. Na msingi wa kisheria tunao. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinasema Kiswahili ndicho lugha ya taifa, na kwamba lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Kiswahili kimetajwa kwanza. Taasisi ya umma inayomwandikia raia kwa lugha moja tu kati ya hizo mbili imemtimizia nusu ya haki yake.

Tukishakubaliana kuhusu kurasa hizo mbili, tutalazimika kuamua pia neno la kuweka badala ya 'bendi'. Mimi napendekeza 'daraja la uhitaji'. Daraja la kwanza, uhitaji mkubwa zaidi. Hakuna atakayelichanganya na gitaa, wala na nafasi ya nne darasani. Mwenye neno bora zaidi na alilete.

Ombi la yule kijana lilijibiwa baada ya wiki kadhaa, naye akahamishiwa bendi ya 2, ambayo familia hutoa asilimia 10. Sasa yuko chuoni. Mwaka uliofuata nilipita pale kibandani, nikamkuta mama mwingine ameketi kwenye kreti ileile, karatasi mapajani. Nilisimama nikidhani nitaitwa. Sikuitwa. Mwenye kibanda alikuwa akifunga mafungu ya mchicha huku akimweleza mwenzake polepole: "Sikiza. Ufadhili haurudishwi. Mkopo unarudishwa. Hii ingine ndiyo yako wewe."